Baraza Jepesi, Upepo Mzito

Aprili 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda bila kubisha hodi. Maji yaliingia kwenye baa za ufukweni na katika nyua za mtaa wa Kibenga, jijini Bujumbura, huku upande wa Gatumba mafuriko ya Mto Rusizi yakiwahamisha watu. Hata hivyo, mkazi wa Bujumbura anayetaka baraza la wavu wa mbu, au kizimba cha kufunika bwawa la kuogelea, humwita kwanza fundi wa kuchomelea. Kazi ndogo, husema: nguzo sita, bati juu, wavu pembeni.

Sheria huanza na futi kamba. Sheria ya Maji ya Burundi ya 2012 imetenga mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika, eneo lisiloruhusiwa kujengwa nyumba. Nje ya hapo kuna sheria ya mipango miji, makazi na ujenzi ya 2016, na mlango wa kubisha ni OBUHA, ofisi ya serikali inayosimamia mambo hayo.

Mhandisi naye hutazama mambo kinyume na fundi. Fundi hujiuliza kama nguzo zitabeba paa. Mhandisi huuliza kama zitalizuia lisiruke. Upepo ukiingia chini ya bati hulisukuma juu, na baraza jepesi halina uzito wa kujitetea. Wavu wenyewe, ukishika vumbi na kulowa mvua, hugeuka tanga. Nguzo iliyofungwa kwa boliti kwenye sakafu nyembamba ya vigae itang'oka na vigae vyake. Inataka msingi wake wa zege, wenye nondo.

Bwawa lina kisa kingine. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na uzito huo ndio unaolikalisha ardhini. Likimwagwa lisuguliwe wakati maji ya chini ya ardhi yamepanda, sanduku hilo tupu la zege huweza kuinuka, likakata mabomba na kupinda kizimba kilichosimikwa ukingoni mwake.

Somo la upepo lilifika Florida, Marekani, kwa kimbunga Andrew mwaka 1992. Kanuni moja ya ujenzi ya jimbo zima ikaanza kutumika 2002, na vizimba vya wavu vimo. Bujumbura haina vimbunga vya bahari, ila imekaa ndani ya Bonde la Ufa: Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa eneo la ziwa hilihili.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mwenye nyumba adai mchoro unaoonyesha umbali kutoka ziwani, kina cha maji ya ardhini mwishoni mwa msimu wa mvua, na jinsi kila nguzo inavyoshikwa chini.