Moyo Mgonjwa na Moyo Mzito

Neno "moyo" lina maana mbili. Moyo ni kile kiungo cha kifuani kinachosukuma damu mchana na usiku. Tena moyo ni mahali pa furaha, hofu na huzuni. Mambo haya mawili yanagusana.

Tumfikirie baba mmoja. Alishikwa na maumivu makali ya kifua, kwa kuwa mshipa unaolisha moyo wake uliziba. Alitunzwa hospitalini, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Lakini usiku hapati usingizi. Akisikia moyo unapiga, anawaza, "Sasa ninakufa." Anaogopa hata kutembea mpaka kisimani. Mwisho anaacha vidonge, akisema, "Vina faida gani?" Jirani mmoja anasema amekosa imani. Mwingine anasema amerogwa.

Sivyo, ndugu. Baba huyu ana ugonjwa wa pili, ugonjwa wa huzuni. Katika kila watu 5 waliopatwa na shida kama yake, karibu 1 hushikwa nao. Si aibu wala si dhambi. Lakini ni hatari, maana mwenye huzuni huacha dawa, hukaa tu bila kutembea, na pengine hurudia tumbaku na pombe.

Je, kuna msaada? Uko, na sehemu yake kubwa ni mazungumzo. Mgonjwa huketi kila juma na mtu aliyefundishwa kazi hii. Hufanya hivi:

1. Hutaja wazo linalomtesa, bila kuficha.
2. Hulipima. "Je, ni kweli? Jana moyo ulipiga hivi hivi nilipopanda kilima, kisha ukatulia."
3. Hupanga kazi ndogo. Leo atatembea mpaka kwa jirani, kesho mbele kidogo, kwa kadiri munganga alivyomruhusu.
4. Hujifunza kupumua polepole wakati wa hofu.

Mwaka 2003 waganga wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 2,481 waliopatwa na shida hiyo ya moyo. Waliosaidiwa kwa mazungumzo, na wengine kwa dawa za huzuni pia, walipata nafuu ya huzuni. Lakini vifo havikupungua. Basi tujifunze mambo mawili. Mazungumzo huponya huzuni, na hiyo ni faida kubwa. Lakini hayashiki nafasi ya vidonge vya moyo. Shika yote mawili.

Wala usiseme kwamba msaada huu ni wa wazungu tu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba katika vijiji vya Kivu wanawake waliotendewa jeuri walipata nafuu kubwa kwa mazungumzo ya namna hii, wakiongozwa na Wakongo wenzao waliofundishwa.

Ninyi wa nyumbani, msimwambie mgonjwa, "Jikaze tu." Keti naye, msikilize, tembea naye. Huzuni ikipita majuma mawili, mpeleke kwa munganga. Akisema hataki kuishi tena, msimwache peke yake. Mleteni siku ile ile. Na kifua kikiuma tena, au pumzi ikikatika, au miguu ikivimba, msiseme ni mawazo tu. Njoni hospitalini upesi.

Wewe mgonjwa, siku ya kuja kuchukua vidonge, usiseme habari za kifua tu. Mwambie munganga na habari za usiku wako.