Divai Nyekundu na Mlo wa Sherehe Kiogoro

Mlo wa sherehe katika nyumba za Kiogoro, wadi iliyo katika eneo bunge la Nyaribari Chache, kaunti ya Kisii, aghalabu huwa na obokima, yaani ugali wa wimbi, nyama ya mbuzi au kuku wa kienyeji, na chinsaga, mboga chungu ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani. Kinywaji cha heshima cha jadi kilikuwa amarwa, pombe ya wimbi ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Chupa ya divai nyekundu inapoletwa kwenye karamu kama hiyo, swali linalozuka ni namna ya kuiandaa ili isigombane na chakula.

Ukali wa divai nyekundu hutokana hasa na tanini, kemikali zilizomo katika maganda na kokwa za zabibu, ambazo hukausha ulimi kama ifanyavyo chai ya rangi iliyokolea. Tanini hushikamana na protini, na ndiyo sababu nyama ya mbuzi iliyochomwa ikiwa na mafuta yake na chumvi ya kutosha huulainisha ukali huo, ilhali pilipili huzidisha mwako wa kileo mdomoni.

Mashaka huanzia kwenye mboga, kwa kuwa uchungu wa chinsaga ukikutana na tanini huongezeka, na divai ya bei kubwa huweza kuonekana kama imeharibika. Wapishi wa Gusii wana dawa yao ya siku nyingi: mboga huchemshwa, hutiwa maziwa, kisha huachwa juu ya moto mdogo, pengine hata kulazwa hadi kesho yake, na protini na mafuta ya maziwa huupunguza uchungu. Wimbi nao, hasa ule mwekundu, una tanini zake, kwa hiyo tonge la obokima likifuatwa na divai kali huukausha mdomo maradufu.

Kanuni nyingi za kulinganisha divai na chakula zilitungwa Ulaya, ambako vyakula huandaliwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na divai yake. Kiogoro vyote hukaa kwenye sahani moja, na kwa hiyo divai haina budi kuchaguliwa kwa kufuata chakula kigumu kuliko vyote, yaani mboga, badala ya kufuata nyama peke yake. Zinazofaa ni divai nyekundu nyepesi zenye tanini kidogo, kama zile za zabibu aina ya Pinot Noir au Gamay, au Merlot iliyo laini. Ikiwa chupa iliyopo ni ya Cabernet Sauvignon au Shiraz, aina ambayo hutumika pia katika divai ya Leleshwa ya Naivasha, ni vyema ifunguliwe mapema na kunywewa pamoja na nyama choma wakati wageni wanasubiri obokima kupikwa.

Divai nyekundu hupendeza ikiwa na joto la nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, na kwa kuwa nyanda za Kisii zina ubaridi wa kutosha, chupa huweza kukaa sebuleni, mradi iwe mbali na jiko. Divai ya miaka mingi huwa na mashapo, yaani machicha yanayotua chini, hivyo husimamishwa wima kwa siku nzima na kumiminwa polepole.

Waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi Gusii, hawanywi kileo, na sheria ya Kenya hairuhusu walio chini ya miaka 18 kuuziwa. Mwenyeji na awaandalie hao maziwa lala au maji ya zabibu yasiyochachushwa, tena kwa heshima ile ile anayoipa chupa.