Mgonjwa Wetu Katika Nyumba ya Wengine

Baba na mama, na ninyi vijana, wengi wetu tuna ndugu kule Afrika ya Kusini. Walitoka Likasi, Kolwezi au Lubumbashi, wakaenda kutafuta maisha Johannesburg, mji uliozaliwa na zahabu kama miji yetu ilivyozaliwa na shaba. Habari hii inatoka kule, nayo inaanza ndani ya kambi ya wachimbaji, kitu ambacho kila mtoto wa hapa kwetu anakifahamu.

Katika miaka ya 1960 kulikuwa kambi za migodi karibu na Johannesburg zilizobaki tupu. Kompani moja, Smith Mitchell, ilipatana na serikali ya ubaguzi ya wakati ule kuzijaza tena. Safari hii hawakuingiza wachimbaji, waliingiza wagonjwa wa akili, na wengi wao walikuwa watu weusi. Serikali ililipa kompani kwa hesabu ya kichwa na ya siku. Sasa fanya hesabu mwenyewe: kila kichwa kikila kidogo, faida inakuwa kubwa. Mwaka 1978 wanganga wa akili kutoka Marekani walikwenda kuangalia. Ripoti yao ya mwaka 1979 ilisema kwamba kulikuwa vifo vingi visivyo na lazima.

Miaka ilipita, ubaguzi ukaanguka, kompani ikabadilisha wenyewe na jina. Ikaitwa Life Esidimeni. Esidimeni maana yake ni mahali pa heshima. Na kweli, matunzo yalikuwa yamekuwa mazuri zaidi. Jamaa walikuwa wanakuja kutembelea watu wao, wanawajua wauguzi kwa majina. Ndani mlikuwa wagonjwa wa akili, watu wa kifafa, na wengine ambao ubongo wao haukukomaa sawasawa tangu utoto. Wengi hawakuweza kusema jina lao, wala kusema "njaa inaniuma".

Mwezi wa 10 mwaka 2015 wakubwa wa afya wa jimbo la Gauteng walitangaza kwamba wanavunja mkataba na Life Esidimeni. Walisema ni juu ya feza, na tena kwamba ni vizuri mgonjwa aishi karibu na watu kuliko ndani ya hospitali kubwa. Neno hilo la pili si baya. Hata wanganga wa dunia nzima wanalisema. Lakini mgonjwa mmoja alikuwa anagharimu randi 320 kwa siku kule alikokuwa, na nyumba ndogo walikopelekwa zilipangiwa randi 112. Mtu anayelala kitandani mchana kutwa, anayehitaji kulishwa, kugeuzwa na kupewa dawa kwa saa, utamtunza namna gani kwa theluthi moja ya feza?

Jamaa walikataa. Waliandika barua, waliandamana, walikwenda mpaka kwa mahakimu. Mwezi wa 3 mwaka 2016 tribinali haikuzuia uhamisho. Kufika mwisho wa mwezi wa 6, watu zaidi ya 1,300 walikuwa wamehamishwa.

Namna ya kuwahamisha njo ilikuwa mbaya kupita. Wenye nyumba wengine walifika na kamionete wazi, wakachagua wagonjwa kama watu wanaochagua ng'ombe sokoni. Kulikuwa wagonjwa waliosafiri bila karatasi zao za matibabu. Wengine walifika bila hata kitambulisho, na aliyewapokea hakujua ni nani anakunywa dawa gani. Jamaa hawakuambiwa mtu wao amepelekwa wapi. Kuko waliotafuta wiki nyingi, wakizunguka mlango kwa mlango, na walipofika mahali penyewe waliambiwa amekwisha kufa. Mwezi wa 6 ni baridi kule, sawa na baridi yetu ya Katanga, na nyumba zingine hazikuwa tayari kwa baridi hiyo.

Mwezi wa 9 mwaka 2016 mkubwa wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, alisema kwamba wamekufa watu 36. Profesa Malegapuru Makgoba, aliyewekwa na sheria kusikiliza malalamiko ya wagonjwa, alichunguza. Ripoti yake ilitoka tarehe 1 Februari 2017: si 36, ni zaidi ya 90. Nyumba zote 27 zilizopokea wagonjwa zilikuwa na ruhusa zisizo halali. Hesabu ya mwisho ilifika watu 144.

Walikufa na nini? Hapa msomaji asimame kidogo. Hapakuwa ugonjwa mpya, hapakuwa tauni. Kulikuwa kifafa kisichozuiliwa, nimonia, kuharisha, kukauka maji mwilini. Maana yake kidonge, maji, chakula na blanketi.

Tuseme wazi jambo la kidonge, maana hata kwetu linaua. Mtu wa kifafa anayekunywa Gardénal kila siku, ukimkatia dawa kwa ghafula, ubongo wake unaweza kuwaka kuliko mbele. Anaanguka, kabla hajaamka anaanguka tena. Mtetemo ukipita dakika 5, ni hatari ya kifo, apelekwe kwa munganga mbio. Kwa hiyo mgonjwa asiende mahali popote, hata kwa shangazi yake, bila dawa ya kutosha na karatasi inayosema jina la dawa, kipimo na saa. Na yule anayekaa naye ajue: amlaze kwa ubavu, aondoe vitu vikali karibu, asimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Mate yake hayaambukizi kifafa. Tumesikia hiyo hadithi tangu zamani, ni uwongo tu.

Nimonia nayo mara nyingi inaanzia kwenye sahani. Mtu ambaye ubongo wake umeharibika anaweza kumeza vibaya. Bukari au maji yanapita njia ya pumzi na kuingia mapafuni. Unamlisha akiwa amekaa wima, polepole, tonge ndogo, na humlazi chini mara tu akimaliza. Sasa fikiri nyumba ambamo mama mmoja analisha watu 20 peke yake. Atafanya mbio. Pengine mama yule ni mtu mwema sana. Wema wake hauongezi mikono yake. Vilevile kwa yule asiyeweza kujigeuza: karibu kila saa 2 anageuzwa, mchana na usiku, kama sivyo ngozi ya mgongo na ya matako inaoza mpaka mfupa.

Mahlangu aliacha kazi mwaka 2017. Mwaka 2018 hakimu wa zamani, Dikgang Moseneke, aliyesikiliza jamaa siku nyingi wakitoa machozi mbele yake, aliamuru serikali iwalipe randi milioni 1 na laki 2 kwa kila mmoja wa jamaa waliodai. Mwezi wa 7 mwaka 2024 hakimu mwingine alisema kwamba Mahlangu na Makgabo Manamela, aliyesimamia afya ya akili kwenye jimbo, walisababisha vifo 9 kati ya vile. Miaka 8 baada ya maziko.

Kwetu Kongo nyumba za namna hii ni chache. Wa-Frères de la Charité wanatunza wagonjwa wa akili na wa kifafa Lubumbashi na Goma, lakini jamaa nyingi zinabaki na mgonjwa nyumbani, ama zinampeleka kwa mtu mwenye nyumba ya maombi, naye anakaa pale miezi. Hatusemi kwamba kuombea mgonjwa ni vibaya. Tunasema kwamba mwenye nyumba akikuambia "acha dawa, imani yako ni ndogo", ama ukiona mnyororo kwenye mguu wa mtu, mahali pale si pa kumwacha mtoto wako. Na mtu asituambie kwamba Afrika ya Kusini ni mbali. Kule walikuwa na sheria nzuri zilizoandikwa, wanganga wengi na feza nyingi kuliko sisi.

Basi kabla ya kumwacha, uliza bila haya. Mzazi mmoja anaweza kusema hivi: "Bamama, nani anakala naye bushiku? Dawa munaiandika fasi gani? Akianguka saa sita ya bushiku, munamupeleka wapi, na motoka iko?" Mwenye nyumba mzuri hakasiriki. Atakuonyesha daftari la dawa, atakuonyesha mizani, kwa maana mgonjwa anayepungua kilo kila mwezi anasema kitu hata kama hana sauti. Uliza pia karatasi ya ruhusa, na ni nani wa Leta anakuja kukagua, na alikuja lini.

Halafu tembelea. Usiende siku zote Jumapili kisha misa au ibada, wakati wamepiga deki na kuvalisha kila mtu shati safi. Nenda siku ya kazi, saa ya chakula, bila kutangaza. Angalia midomo kama imekauka. Gusa blanketi. Mwinue kidogo, umwone mgongo. Vijana, hii ni kazi yenu pia: kaka yako au dada yako anakutambua hata akikosa jina lako. Wakikuambia kwamba mgeni haruhusiwi kufika mpaka kitandani, mchukueni siku ile ile, pamoja na dawa zake na karatasi zake.