Kabla hujauza ng'ombe kumpeleka mtoto kusomea urubani nje

Mzee mmoja wa Ololosokwan alinipigia simu mwezi uliopita akiwa amepanda kilimani kutafuta mtandao. Kijana wake amemaliza kidato cha sita na anataka kuwa rubani. Si ajabu. Mtoto anayekulia kule mpakani, akichunga huku ndege za watalii zikitua upande wa Klein's na kunyanyuka tena kwenda Kogatende au Arusha, anaiona kazi hiyo kwa karibu kuliko mtoto wa Sinza. Kijana alishapata shule ya nje kupitia simu yake. Shule ilitaka ada yote kabla ya mwisho wa mwezi, na anayelipa kwa mkupuo anapunguziwa. Mzee alikuwa ameshatenga ng'ombe wa kupeleka mnadani. Aliniuliza jambo moja tu: hiyo shule ni ya kweli?

Nilimwambia shule inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ng'ombe wakaenda bure.

Nilisema hivyo kwa sababu ya mpwa wangu. Alisoma nje, akafaulu, akarudi na leseni ya rubani wa biashara, ile wanayoiita CPL. Tukachinja mbuzi. Kisha akakaa nyumbani miezi 14 bila kurusha hata ndege ya kumwagilia dawa mashambani. Majirani walianza kuuliza kama kweli alisoma. Mama yake aliacha kwenda kwenye vikao vya ukoo.

Kosa letu lilikuwa kudhani leseni ya urubani ni kama shahada, kwamba ukishaipata ni yako popote uendako. Siyo. Mwambie kijana wako, ndege ikitua tena, atazame herufi zilizoandikwa ubavuni karibu na mkia. Ndege iliyosajiliwa Tanzania inaanza na 5H. Ya Kenya ni 5Y, ya Afrika Kusini ni ZS, ya Marekani ni N. Herufi hizo ndizo zinazoamua leseni. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, unataka rubani awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi iliyosajili ndege. Kwa hiyo anayetaka kurusha ndege ya 5H lazima apite Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, hata kama alisomea shule bora kuliko zote.

TCAA inaweza kuipokea leseni ya kigeni kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuikubali kwa muda, na hapo rubani anaendelea kutegemea leseni ile ya nje. Ikiisha nguvu, na kibali kinakwisha. Ya pili ni kuibadilisha, yaani anapewa leseni ya Tanzania kwa msingi wa ile aliyokuja nayo. Kijana anayetaka kuishi na kufanya kazi hapa anahitaji hii ya pili. Ajiandae kwa mtihani wa sheria za anga za hapa, cheti cha afya, ukaguzi wa saa zake za kuruka na jaribio angani na mtahini. Kitu kingine ni uthibitisho kutoka mamlaka iliyotoa leseni kwamba leseni hiyo ni halali. Barua hiyo haitoki shuleni. Inatoka serikalini kwao, na ofisi za serikali za wenzetu nazo zina foleni.

Mpwa wangu alikwama hapo, kisha akakwama tena kwenye kitabu cha saa. Kurasa kadhaa hazikuwa na saini ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe alishaacha kazi, na shule ikawa haijibu barua pepe. Wakati tunahangaika na hayo, muda wa kibali chake cha kuruka kwa kutegemea vyombo, kile cha kupita kwenye mawingu, ukaisha. Kukihuisha kulitaka kukodi ndege na mwalimu kwa saa. Cheti cha afya nacho kikapitwa. Kila karatasi ilikuwa inasubiri nyingine, na kila iliyosubiri ilikuwa inazeeka.

Basi mzazi, anza Banana, Ukonga, zilipo ofisi za TCAA, kabla ya kumwandikia mtu wa nje. Kama safari ni ndefu, andika barua au barua pepe. Taja shule kwa jina, nchi na aina ya kozi, kisha uulize: akirudi na leseni hii, mtamtaka afanye mitihani ipi, na saa zipi mtazihesabu? Omba jibu la maandishi. Swali la mitihani si dogo. Marekani, mwanafunzi wa CPL anafanya karatasi moja ya nadharia kwa leseni hiyo. Ulaya, anayelenga ngazi ya juu ya rubani wa mashirika anafanya karatasi 13. Anayekuuzia kozi ya haraka hatakueleza kazi iliyobaki ukirudi nyumbani.

Saa nazo zina hesabu yake. Kiwango cha kimataifa cha CPL ni saa 200, au 150 kwa kozi mfululizo kwenye shule iliyoidhinishwa. Ndani yake kuna masharti: saa za kuwa rubani mkuu, saa tano za usiku, na safari moja ya angalau kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili tofauti. Saa za simuleta zinahesabiwa kwa kikomo. Mwambie mtoto apige picha kila ukurasa wa kitabu chake kila mwezi, na asiondoke shuleni kabla ya kila mstari kusainiwa na kupigwa muhuri.

Kuna hatua iliyo mbele hata ya hiyo, nayo ni afya. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, na kinatolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, si daktari yeyote. Anapimwa macho, masikio, moyo. Wapo vijana wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani na hawajawahi kujua, kwa sababu ng'ombe mwekundu humtambua kwa pembe na mwendo. Bora ajue leo kwa nauli ya basi kuliko ajue akiwa ugenini baada ya zizi kuuzwa.

Kuhusu wapi aende, sina nchi ya kumpigia debe. Kutoka Ololosokwan, Nairobi iko karibu, na uwanja wa Wilson una shule nyingi. Uganda wana chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani. Ethiopia wanapokea wanafunzi wa nje Addis Ababa. Afrika Kusini ina shule za siku nyingi. Nchi za Jumuiya zinaoanisha kanuni zao kupitia wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioko Entebbe, lakini usidanganyike: leseni ya Kenya bado si leseni ya Tanzania, na itabidi ipite TCAA vilevile. Faida ya jirani ni nauli, na kwamba mzazi anaweza kupanda basi akaiona shule kwa macho yake. Ahesabu ndege zinazoruka na zile zilizokaa kwenye majani bila injini. Ukiangalia Marekani, mwanafunzi wa kigeni anachunguzwa kwanza na wakala wa usalama wa usafiri, na viza za masomo zipo za aina tofauti. Uliza ipi inamruhusu kufanya kazi ya kukusanya saa akimaliza.

Na ada, usilipe yote mwanzoni hata upewe punguzo gani. Mwaka 2008, Silver State Helicopters ya Marekani ilifunga milango ghafla, na wanafunzi wengi walikuwa wameshalipia mafunzo wasiyoyapata. Aprili 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Scotland, iliyokuwa shule ya miaka mingi, ilifilisika na wanafunzi wakabaki nje. Shule yenye nia njema itakubali kulipwa kidogo kidogo kadiri saa zinavyorushwa. Ikikataa, tafuta nyingine.

Weka pia akiba ya mwaka wa kwanza baada ya kurudi: ada za TCAA, jaribio, kukodi ndege, chakula cha mtu mzima asiye na mshahara. Rubani wa saa 200 si rahisi kupata kiti. Makampuni ya ndege ndogo za mbugani, zinazotumia sana Cessna Caravan, huangalia saa, na bima zao pia. Kijana wetu alipata kazi baada ya kukaa ofisini kwenye kampuni moja akipanga mizigo na orodha za abiria hadi walipomzoea.

Mzee wa Ololosokwan alinisikiliza hadi salio likaisha, kisha akapiga tena kwa simu ya jirani. Mnada aliuacha upite. Alimtoa fahali mmoja tu, wa nauli na kipimo cha macho. Wiki iliyopita kijana alinitumia ujumbe kutoka Arusha: daktari ameshamaliza na macho, kesho ni moyo, na TCAA bado hawajajibu barua yake.