Je, Wajua? Baiskeli Katika Shehena ya Ndege
Baiskeli ya chuma, mfano wa toleka zinazobeba abiria mjini Kisangani, huweza kufikia kilo 20, hivyo ikifungwa katika sanduku huenda ikazidi kilo 23, ambazo ndizo kikomo cha mzigo mmoja katika mashirika mengi ya ndege. Kabla ya safari, usukani hugeuzwa ulingane na fremu, na pedali huondolewa, ingawa ile ya kushoto, ambayo hesi zake, yaani mifuo ya skrubu, zimekatwa kinyume, hulegea spana ikizungushwa kufuata mwendo wa saa. Matairi hupunguzwa upepo kwa tahadhari, japokuwa shinikizo la hewa ndani ya ndege, linalolingana na la mwinuko wa takriban mita 2,400, halishuki kiasi cha kupasua tairi lisilo na hitilafu.