Jina Lako Katika Daftari la Mbolea

Kabla hatujaanza, Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: RUZUKU, DAFTARI, WAKALA, STAKABADHI. Yasomeni pamoja kwa sauti, polepole.

Ruzuku ni fedha ambazo Serikali hutoa ili mwananchi alipe pungufu ya bei kamili. Daftari mnalijua. Wakala ni mwenye duka aliyepewa ruhusa kuuza mbolea ya ruzuku. Stakabadhi ni karatasi ya kuonyesha kwamba umelipa.

Ninyi mnaokaa katika milima ya Upare mnajua habari ya ndiva. Maji hukusanywa usiku, kisha hufunguliwa yashuke mferejini, na kila mtu ana zamu yake. Asiyejua zamu yake hufika na jembe akakuta maji yamekwisha. Ruzuku ya mbolea nayo ni hivyo. Mbolea inaweza kuwapo, na wewe ukaikosa.

RUZUKU HII ILIANZAJE?

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda sana duniani, hasa vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza. Katika nchi yetu mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa Urea ulipita shilingi 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, Sikukuu ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Mbeya mpango wa ruzuku ya mbolea. Zilitengwa shilingi bilioni 150. Katika msimu ule wa 2022/2023, mkulima aliyeandikishwa alilipa shilingi 70,000 kwa mfuko wa DAP au wa Urea.

Tufanye hesabu. Shamba la mahindi la ekari moja litiwe mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda, na mfuko mmoja wa Urea mahindi yakifika magotini. Kwa ruzuku, 70,000 mara mbili ni 140,000. Bila ruzuku, ni zaidi ya 240,000. Tofauti ni zaidi ya 100,000. Fedha hizo si kidogo kwa mtu anayelima mahindi na maharage juu ya mlima, wala kwa mtu wa mpunga kule Ndungu.

NJIA YA KUIPATA

Njia yenyewe ina hatua nne. Kwanza, unaandikishwa kijijini, mbele ya viongozi wa kijiji. Unatoa jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba na zao unalolima. Pili, habari hizo huingizwa katika mitambo ya Serikali. Tatu, unapewa namba yako ya mkulima, nayo huletwa kwa ujumbe wa simu. Nne, unakwenda na namba hiyo kwa wakala, unalipa, unachukua mbolea yako.

Ukisikia hivi utasema ni jambo rahisi. Lakini tangu msimu ule wa kwanza wakulima katika sehemu nyingi za nchi walilalamika. Wengine walingoja namba isifike. Wengine walikuta wakala yuko mbali, na mstari ni mrefu.

Tuseme kuna mama mmoja wa Mamba, tumwite Mama Nakijwa. Siku ya kuandikishwa mwandishi alikuwa na haraka. Akaandika NAKIJUA. Kitambulisho kinasema NAKIJWA. Tazameni ubaoni: ni herufi moja tu. Tena Mama huyu hana simu, basi akatoa namba ya mwanawe aliye Dar es Salaam. Ujumbe ukaenda Dar es Salaam. Mwana hakujua ni kitu gani, akaufuta. Mama ana vishamba vitatu, viwili mlimani na kimoja tambarare, lakini daftarini kimeandikwa kimoja. Akapanda basi kwenda Same mjini. Wakala akamwambia, "Mama, jina halilingani." Akarudi kijijini, kisha akaenda tena Same. Kama nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 10,000, safari mbili zimekula 20,000. Na mvua ya vuli haikumngoja.

Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yakiwa tayari yamesimama, imefika kuchelewa. Msimu huo umekwenda.

KWA NINI MASWALI NI MENGI?

Msidhani Serikali inauliza kwa kupenda kuwasumbua. Kuanzia msimu wa 2008/2009 ulikuwapo mpango wa vocha. Mkulima mdogo alipewa hati za kununulia mbolea na mbegu za ekari moja, naye akalipa kama nusu ya bei. Wengi walifaidika. Lakini pia baadhi ya vocha ziliibiwa, na nyingine zilitiwa saini kwa majina ya watu ambao hawakupata hata kilo moja. Wengine, kwa kukosa ile nusu ya fedha, waliziuza. Ndiyo sababu sasa kila mfuko hutafutiwa mwenyewe.

Wala si sisi peke yetu tunaosumbuliwa na fomu. Huko Uingereza Serikali huwalipa wakulima wanaotunza udongo, maji na wadudu wenye faida. Tarehe 11 Machi 2025 mlango wa maombi mapya ulifungwa ghafula, kwa kuwa fedha zilizotengwa zilikwisha. Wakulima waliokuwa bado wanajitayarisha kuomba waliachwa nje. Nao wanajua kusoma tangu utoto. Kwa hiyo, kusoma peke yake hakutoshi; kuwahi nako ni lazima.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

1. Jiandikishe mapema, kabla ya kutayarisha shamba. Usingoje mawingu.
2. Peleka kitambulisho, wala usitaje jina kwa mdomo tu. Mwombe mwandishi akuonyeshe mstari wako, nawe usome herufi kwa herufi.
3. Toa namba ya simu ya mtu unayemwona kila siku. Mwambie mapema kwamba ujumbe utakuja.
4. Taja vishamba vyako vyote, na ekari za kila kimoja. Usiongeze, usipunguze.
5. Uwe na daftari lako nyumbani. Andika tarehe uliyoandikishwa, jina la kazi ya aliyekuandika, na namba yako ya mkulima. Tunza stakabadhi.

Lakini yako mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyatengeneza. Umbali wa wakala ni mmoja wapo. Simu zisizoshika mawimbi ni jambo jingine. Hayo yapelekeni katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida yake hukutana kila miezi mitatu. Semeni kwa hesabu: watu wangapi hawakupata namba, nauli ni kiasi gani, mbolea ilifika tarehe gani. Lalamiko lenye tarehe na hesabu ni vigumu kulitupa.

Wazee wa Upare walilijua hilo. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka Same kwa sababu ya kodi iliyoitwa mbiru. Walitaka kujua kila mtu amehesabiwaje. Baadaye kodi ile iliondolewa. Kuuliza "Nimehesabiwaje?" si utovu wa adabu. Ni haki ya mtu ambaye jina lake limo daftarini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ruzuku ni nini? Jibu kwa maneno yako mwenyewe.
2. Mama Nakijwa alipatwa na makosa matatu. Yataje. Lipi angeweza kulizuia yeye mwenyewe?
3. Mfuko ni shilingi 70,000. Una ekari mbili, na kila ekari yahitaji mifuko miwili. Utalipa kiasi gani?
4. Andika katika daftari lako jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mpe jirani yako alilinganishe.

Swali la nne msiliruke. Lifanyeni leo hii, kabla hamjaondoka darasani. Kwaherini, na mvua ya vuli iwakute tayari.