Namba Zilizoandikwa Kwenye Darubini

Anayeingia dukani kuulizia darubini ya kwendea hifadhini huanza na swali moja: "Hii inavuta mara ngapi?" Muuzaji humpa yenye namba kubwa kuliko zote, 16 au hata 20, na biashara inaishia hapo. Ndiyo maana wengi hurudi kutoka Serengeti au Nakuru wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Mimi nasema hivi: kwa anayetaka kutazama ndege na wanyama, mara 8 zinatosha, na fedha inayobaki iende kwenye ubora wa vioo.

Kila darubini ina namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni uvutaji: swala aliye umbali wa mita 80 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na hapo ndipo mwanga unapoingilia. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwali unaotoka upande wa jicho. Hapa ni milimita 5.25. Unaweza kuuona: shika darubini mbali na uso, ielekeze kwenye anga jeupe lisilo na jua, na kiduara chenye nuru kitatokea katikati ya kila kioo cha jicho.

Kiduara hicho kina maana kubwa. Wakati wa jua kali mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, lakini gizani hutanuka, na kwa kijana hufika hata 7. Darubini ya mfukoni ya 8x21 hutoa mwali wa milimita 2.6 tu. Saa sita mchana haitakuangusha. Alfajiri, magari yanapotoka kambini na chui bado amejilaza juu ya mvungunya, itakuonyesha kivuli chenye mkia, wakati jirani yako mwenye 8x42 anahesabu madoa. Mabaharia hupenda 7x50 kwa sababu hiyo hiyo ya giza, ila ni nzito mno kuning'iniza shingoni kutwa nzima. Asiyetaka uzito achukue 8x32.

Uvutaji mkubwa nao una gharama zake. Darubini hukuza kila kitu, pamoja na mtetemo wa mikono yako. Mara 10 wengi wanazimudu. Kuanzia 12 utahitaji stendi ya miguu mitatu. Tena eneo unaloliona hupungua. Nyingi za mara 8 huonyesha upana wa mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000, na za mara 10 huwa chini ya hapo. Ukimfuatilia chozi anayeruka kutoka ua hadi ua, tofauti hiyo utaihisi mara moja. Zile za bei rahisi zenye kitufe cha kuongeza na kupunguza uvutaji ziache dukani, na zenye lenzi nyekundu inayong'aa pia, kwani hupotosha rangi, na mtazama ndege bila rangi sahihi hana kitu.

Ubora wa vioo utaujuaje? Uso wa kioo usiopakwa utando maalumu hupoteza takriban asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini mwanga hupita nyuso nyingi. Tazama taa ya dukani ikiakisi kwenye lenzi: mng'aro wa kijani au zambarau uliofifia ni dalili njema, mng'aro mweupe kama wa dirisha ni dalili mbaya. Kisha rudi kwenye kile kiduara. Kikiwa mviringo kamili, vizuri. Kikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa, mara nyingi prizimu zake ni za kioo hafifu. Mvaa miwani aulize picha inaonekana nzima jicho likiwa umbali gani kutoka kwenye kioo. Pungufu ya milimita 15 itamsumbua.

Hata darubini nzuri huonekana mbovu isiporekebishwa kwa macho ya mwenyewe. Ikunje hadi uone duara moja, si mawili. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, tazama kibao chenye maandishi, na zungusha gurudumu la katikati hadi herufi zisomeke vizuri kwa jicho la kushoto. Sasa ziba ya kushoto, uliache gurudumu lilivyo, na zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi herufi zile zile zisomeke. Kumbuka alama ilipofikia. Kuanzia hapo utagusa gurudumu peke yake.

Ukiwa porini, usimtafute ndege kwa darubini. Mkazie macho kwanza, kisha inua darubini bila kuhamisha macho. Mwombe dereva azime injini, na uegemeze viwiko kwenye dirisha. Joto la mchana linapofanya upeo wa nyika utetemeke, hakuna kioo cha bei yoyote kitakachotuliza picha ile, subiri jioni. Na kamwe usielekeze darubini kwenye jua, kwani sekunde chache zinaweza kukupofusha.

Kwa wakazi wa Tanga, Unguja au Mombasa, adui ni unyevu, unaootesha kuvu ndani ya lenzi. Chagua iliyozibwa na kujazwa gesi ya nitrojeni, na usiifungie kwenye mkoba ikiwa na majimaji. Vumbi lipulizwe kwanza ndipo kitambaa laini kipite. Ukifuta kwa pindo la shati, mchanga utachuna utando.

Kabla hujalipa, toka nayo nje ya duka na utazame kitu cha mbali kwa dakika tano. Macho yakiuma, au ukiona vitu viwili viwili, irudishe.